Kidonda cha Mama na Pampu ya Kijiji

Mpaka leo sijamsamehe yule bwana wa kamba. Alikuja na gari la wilaya, akashusha kamba ya katani na vigingi, akapima kijiji chetu kipya kwa mistari iliyonyooka: nyumba upande huu, nyumba upande ule, milango ikitazamana, barabara katikati. Hakuuliza nani ni nani kwa nani. Mimi na mume wangu tukapewa kiwanja cha kushoto. Mama yangu mzazi, aliyeondolewa kwenye shamba lake la mikorosho akaletwa kijijini kama sisi sote, akapewa cha kulia. Kutoka mlango wetu mpaka mlango wake zilikuwa hatua kumi na nane. Nilizihesabu kwa hasira.

Asiye wa kwetu hataona ubaya wake. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawasemeshani ila kupitia kwa mtu wa tatu, na wakikutana njiani mmoja huingia porini kama mtu mwenye haja. Heshima hiyo ilikuwa nyepesi zamani, kila mtu alipokaa kwenye mikorosho yake. Mama alikuwa mwendo wa saa tatu kutoka kwetu, na mume wangu alimheshimu sana kwa sababu hakuwa akimwona. Kwenye mikutano ya kuhamia vijijini tuliambiwa tutasogezewa maji, shule na zahanati. Hakuna aliyetuambia tutasogezewa na wakwe.

Basi tukatunga utaratibu. Mume wangu kabla ya kutoka nje alikohoa mara tatu. Mama akisikia, alijifunika kanga usoni na kugeukia ukuta wake mpaka nyayo zipite. Mama naye akitaka kwenda kisimani aligonga ndoo kwa upawa, na mume wangu, kama yuko barazani, alisimama akatazama paa la nyumba yetu kama fundi anayetafuta linapovuja. Asubuhi yetu yote ilikuwa kikohozi na ndoo, kikohozi na ndoo. Wageni waliopita walidhani mume wangu ana kifua kikuu. Hilo halikumfaa hata kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji.

Alikuwa mtu wa milima ya Matumbi, mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hadi unaweza kukatia nyanya. Aliamini kwamba kila jambo duniani lina kanuni, na kanuni hiyo imeandikwa mahali, kazi ni kuutafuta ukurasa wake. Nilimpenda, na nusu ya siku za ndoa yetu nilitamani kumpiga na mwiko.

Mama alikuwa mjane, mkali, na moyo wake ulikuwa bado shambani. Kijiji ni cha kulala, alikuwa akisema, shamba ndilo la kuishi. Kila wiki aliondoka alfajiri kwenda kufyekea mikorosho yake, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, na hapakuwa na mwenyekiti wala katibu aliyethubutu kumzuia. Huko ndiko alikoumwa.

Alikuwa amechoka, akaingia kwenye nyumba yake ya zamani iliyobakiza nusu ya paa, akakaa juu ya magunia matupu ya korosho ya msimu uliopita. Akasikia kitu kama sindano. Akainuka, akamwona mtuhumiwa, akamtandika kofi, akamfunga kwenye pindo la kanga kama ushahidi, akatembea saa tatu kurudi. Aliponiita na kulifungua pindo, ndani mlikuwa na miguu miwili na vumbi kidogo.

“Huyo hapa,” akasema.

Nikamwambia ni buibui. Akanijibu kwamba buibui anawajua, amekaa nao darini miaka yote bila ugomvi, lakini huyu alikuwa wa kahawia na mwenye roho mbaya. Nikamuuliza amemuuma wapi. Mama akachungulia nje, akafunga mlango, akarudi kuhakikisha umefungwa, ndipo akanionyesha. Ilikuwa nyuma ya paja, juu kabisa, pale ambapo paja linakaribia kubadili jina. Palikuwa na alama ndogo nyekundu yenye lengelenge katikati. Nikasema ngoja nimwambie mume wangu alete dawa.

“Utamwambia nini?” mama akaniuliza. “Kwamba mama yako ana paja?”

Muuguzi wa kike tulikuwa tumeahidiwa tangu zahanati ilipofunguliwa, na tuliendelea kuahidiwa. Palikuwa na mganga mmoja tu, na mganga huyo alikuwa mkwe. Mama akafikiri sana, kisha akaniambia nikaseme ni mkono.

Nikavuka hatua kumi na nane, nikasema ni mkono. Naona haya kuliandika hili, lakini yule ni mama yangu, na wewe ungefanya nini? Mume wangu alifurahi. Mkono ni mahali pa heshima, hauna matatizo. Akanipa dawa ya zambarau, bandeji, vidonge, na kitambaa cha pembe tatu cha kuning’iniza mkono shingoni, na maelekezo marefu kwamba mkono ukae juu usiku na mchana. Mama akaipaka dawa mahali panapohusika, kisha akaifunga bandeji kwenye mkono wake mzima, kuanzia kifundo hadi kiwiko, akauning’iniza. Akasema pengine mkwe atauona kwa mbali kwa bahati mbaya, asije akatuona waongo.

Mimi nilitaka tuishie kwenye dawa ya zambarau. Mama aliongeza ya kwake. Alikusanya utando wa buibui kutoka kila pembe ya nyumba, akauviringa, akauchanganya na majani anayoyajua mwenyewe, akanilazimisha nimbandike pale. Nilipouliza utando wa nini, akasema aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, ndiyo haki. Kila jioni mume wangu aliniuliza mkono unaendeleaje, nami nikajibu umevimba kidogo, umepungua kidogo, kama mtu anayetangaza hali ya hewa ya nchi asiyowahi kufika.

Siku ya tano aliingia ndani akiwa na kitabu chake kikubwa cha tiba, akakiweka mezani mbele yangu. Akaapa kwamba hakumtazama mama, ni macho tu yalipita. Lakini yalipopita yaliona ndoo ya maji imebebwa kwa mkono ule mgonjwa, na aliyeibeba alikuwa anachechemea.

“Nimesoma kitabu chote,” akasema. “Hakuna ugonjwa wa mkono unaomfanya mtu achechemee.”

Nikamwambia mama anazeeka. Akakichukua kitabu, akaenda kukisoma tena kutoka mwanzo.

Siku ya tisa sikuweza kuendelea kucheka. Nilibandua majani na utando, nikakuta katikati pameoza, peusi kama mkaa, ukubwa wa mdomo wa kikombe, na pembeni pamevimba na kuwaka moto. Harufu yake niliijua. Ndiyo harufu iliyokuwa ikirudi na mume wangu jioni za siku mbaya. Mama alikuwa akisali amesimama muda wote huo kwa sababu hakuweza kukaa wala kusujudu, na mimi nilikuwa nimejifanya sioni. Nilimwambia ukweli kwamba mguu unaharibika. Mama utotoni alikuwa amemwona jirani yao aliyekatwa mguu.

“Wakinikata mguu sitafika shambani tena,” akasema. “Nitakaa hapo barazani, kanga usoni, nimempa mumeo mgongo, mpaka Mungu atakaponichukua.”

Alilisema polepole, bila kutania, na niliogopa. Mama bila shamba nilikuwa sijawahi kumfikiria. Nikavuka barabara, nikamkuta mume wangu anakunywa chai, nikamwaga yote: si mkono, haukuwa mkono tangu mwanzo, ni mguu, na si mguu chini, ni mguu juu. Alitua kikombe. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliuliza tu ni juu kiasi gani, nikamwonyesha kwenye mwili wangu, akafumba macho.

Alizunguka chumba kwa muda mrefu. Akimtazama mama mkwe pale, amevunja heshima ambayo baba zake hawakuivunja, na watu wa Matumbi hawatamwambia lolote, watamtazama tu. Asipomtazama, mguu unakwenda. Akauliza kama ninaweza kumchorea. Nikachora. Akageuza karatasi huku na huku, akauliza kama hii ni ramani ya njia ya kwenda Miteja. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira zangu, nikachukua mkasi na kanga yangu kuukuu, nikakata tundu katikati, mviringo, kiasi cha sahani ya chai. Nikaitundika mlangoni kwa mama. Yeye atasimama nyuma yake, mgongo mlangoni, na kitakachoonekana tunduni ni kidonda peke yake.

Mama alikubali kwa sharti moja. Kitakachotazamwa ni kidonda. Yeye hayupo.

Mume wangu akakohoa mara tatu, akavuka barabara. Kwanza tundu lilikuwa juu mno, ikabidi mama apandishwe juu ya kinu kilichopinduliwa, nami nikamshika asianguke, yeye ambaye hayupo. Kisha mume wangu akainama mbele ya kanga, jasho likimtoka, na kwa mazoea ya adabu aliyolelewa nayo, akaliambia lile tundu, “Shikamoo.”

Nilijua mama anapigana na nafsi yake. Hayupo, lakini shikamoo ya mtu huiachi ikaanguka chini.

“Marahaba,” ikatoka sauti ndogo nyuma ya kanga.

Nilikuwa tayari kucheka. Lakini nikaona uso wa mume wangu umebadilika. Haya ilikuwa imemtoka yote kwa mara moja, akabaki mganga tu. Alisogea, akanusa, akabonyeza pembeni kwa kidole, akaniuliza tangu lini peusi. Kisha akasema na kanga, kwa upole, kwamba kidonda hiki kisafiri leo hii, kisingoje kesho.

Tulipata lori la ushirika lililobeba ufuta. Mama alilazwa kifudifudi juu ya magunia, mimi kando yake, na mume wangu mbele na dereva, shingo imekakamaa kama ya askari wa gwaride. Njia nzima hadi Nangurukuru hakugeuza kichwa hata mara moja. Tuliposimama hapo kula mihogo, alinunua na kumpa utingo ampe mtu aliyeko juu. Dereva akaniuliza kama wale wawili wamegombana. Nikamwambia la, wanaheshimiana.

Hospitali hiyo siitaji jina. Daktari wake alikuwa mgeni mzee, mweupe wa nywele hadi nyusi, Kiswahili chake cha kwenye kitabu, kila neno limevaa tai. Mume wangu alimkabidhi mgonjwa na maelezo ya kurasa mbili, akarudi kijijini kwa wagonjwa wengine. Daktari aliikata ile nyama iliyokufa, akaniambia mama ataona kama anaonewa lakini ndiyo njia. Kuhusu mguu alisema tungoje. Kama nyama mpya itaota, mguu ni wake. Kama weusi utarudi, tutazungumza habari nyingine. Nilimfikishia mama nusu ya kwanza tu, na mama akaiona nusu ya pili usoni kwangu.

Kesho yake alikuja na mtungi mkubwa wa chuma unaosukumwa kwa magurudumu, na mfuko mrefu wa plastiki. Alisema ndani ya mtungi mna oksijeni, ile hewa inayotuweka hai, na yeye anataka kujaribu kukilisha kidonda hewa hiyo yenyewe. Mguu mzima wa mama ukatumbukizwa mfukoni, mdomo wa mfuko ukafungwa juu kabisa ya paja kwa mpira wa baiskeli, mrija ukapenyezwa. Mama akauliza hewa hiyo inatoka wapi. Daktari akasema Dar es Salaam.

“Hewa ya Kilwa ina kasoro gani?” mama akauliza.

Daktari akafungua mtungi, mfuko ukaanza kuvimba, na mama akanishika mkono akaniambia nimkamatie mguu mwingine asije akapaa. Wodi nzima ilicheka. Saa moja kila siku alilala na mguu ulionenepa kuliko yeye, na kina mama wa vitanda vya jirani walikuja kuugusa, mmoja akiwa na ombi kwamba hewa ikibaki naye atiwe mkono wake wenye baridi yabisi. Baada ya siku sita daktari akaniita nione. Chini ya kidonda palikuwa na wekundu mbichi, kama komamanga. Nililia pale pale. Sikuwa nimepanga.

Lakini mtungi ulikuwa mmoja, na wenye haja nao walikuwa chumba cha upasuaji. Wa pili ulikuwa unakuja kutoka Dar, na lori lake limenasa mchangani huko Rufiji. Daktari akaturudisha nyumbani na barua kwa mume wangu: kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kifungwe kwa kitambaa safi, mgonjwa alale kifudifudi, asitembee. Baada ya wiki tatu tumrudishe aamue kuhusu mguu.

Mume wangu aliisoma barua amesimama. Kisha akanikalisha, akaniuliza habari za mfuko na mtungi mpaka nikachoka. Akachukua penseli. Hewa ya kawaida, akasema, hii tunayovuta hapa bure, sehemu yake moja katika tano ni oksijeni. Hospitali ilikuwa inatoa saa moja ya oksijeni tupu. Kwa hiyo sisi tukitoa saa tano za hewa ya kawaida, mambo ni sawasawa. Alimpelekea mwalimu wa shule ile hesabu, mwalimu akaitazama na kusema tano mara moja ni tano, haina kosa. Hakuulizwa zaidi ya hapo.

Mfuko ulipatikana ushirika, mfuko wa mbolea uliooshwa kwa maji ya moto mara nne. Pampu ya baiskeli nzima ilikuwa moja tu kijijini, ya mwenyekiti, na mwenyekiti alipoelezwa jambo lenyewe alitoa zaidi ya pampu. Alisema saa tano za kupiga pampu si kazi ya mwanamke mmoja, ni kazi ya umma. Akaiingiza kwenye zamu za kijiji. Kila nyumba katika nyumba kumi zetu itapiga pampu nusu saa kila siku, na nusu saa hiyo itahesabiwa kuwa ni kulima shamba la ushirika.

Hapo ndipo mama yangu alipopendwa. Watu ambao hawajawahi kumuuliza hali yake walifika kabla ya zamu yao. Shamba la ushirika lilikuwa juani, lina visiki na mwandikaji wa majina. Pampu ilikuwa kivulini, chini ya upenu, na mrija umepitishwa kwenye tundu la ukuta ili mguu usionekane na mtu. Nyumba kumi za jirani zililalamika kwamba zimebaguliwa. Mzee mmoja wa mstari wa mwisho aligundua kwamba yeye na mama ni ndugu wa nyanya mmoja, na akadai haki yake ya kupiga pampu kwa udugu. Mama alilala ndani kifudifudi akiwajua wote kwa mkono: huyu ana haraka, huyu anapiga soga, huyu amelala. Akigonga ukuta kwa upawa, pampu inaamka.

Na kila asubuhi mume wangu alikohoa, akavuka, akachuchumaa mbele ya kanga yenye tundu, akiwa na beseni la maji ya chumvi. Alisafisha kwa mkono mwepesi kuliko wangu. Mimi nilisimama katikati kuyabeba maneno.

“Kidonda kimelalaje?” ananiuliza.

Namgeukia mama. Mama ananiambia kidonda kimelala salama. Namgeukia mume, namwambia, ingawa amesikia. Anauliza kama kimekula. Kimekula uji, kinauliza kwa nini uji hauna sukari. Siku zilivyokwenda kidonda kikawa na mengi ya kusema. Kiliuliza habari za milima ya Matumbi, kama ni kweli kuna baridi. Kilisimulia jinsi mikorosho ilivyopandwa na marehemu mumewe. Asubuhi moja kiliuliza, sauti imeshuka, kama kuna mtu yeyote anayejua hali ya shamba, maana msimu unakaribia na nyasi zitakuwa zimefika kiunoni, na korosho zikidondokea kwenye nyasi ni za panya.

Siku ya mapumziko mume wangu alichukua baiskeli na panga bila kuniambia aendako. Alirudi jioni anaikokota, magurudumu yote mawili yamelala, mikono imejaa malengelenge. Miiba ilikuwa imemtoboa huko huko. Alikuwa na viraka na gundi, hakuwa na cha kujazia upepo, kwa sababu pampu pekee ya kijiji ilikuwa mguuni mwa mama mkwe wake. Alikuwa ametembea saa tatu nzima na baiskeli pembeni. Nilimkanda mikono kwa maji ya moto na sikumpa hata neno moja la kejeli, na anayenijua anajua hiyo ni kazi.

Kesho yake, mbele ya tundu, akaniambia nikiarifu kidonda kwamba mikorosho yote imefyekewa, na kwamba maua ni mengi. Nikageuka nimwambie mama. Mama alikuwa amejifunika uso, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona. Alinipungia mkono nisiseme, amesikia.

Wiki tatu zilipotimia, kidonda kilikuwa kimefungana kutoka pembeni, kimebaki kidogo kama ukucha. Daktari mzee alikitazama, akasema hatakata kitu. Kisha akatuuliza tumefanyaje, nikamweleza pampu, zamu, nyumba kumi, na moja katika tano. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alisema upepo wa pampu haukufanya lolote ila kukausha mfuko. Kilichoponya ni maji ya chumvi, mikono safi, na mgonjwa kulala wiki tatu bila kwenda popote. Nikamuuliza, je, ile ya mtungi? Akafikiri, akasema pengine ilisaidia, hana hakika, angependa kujua.

Mume wangu alinuna siku mbili kwa ajili ya hesabu yake. Mwenyekiti alipopewa habari alisema zisitangazwe mpaka kilimo kiishe, watu watavunjika moyo. Kwa hiyo pampu iliendelea kupigwa wiki moja zaidi kwenye mfuko usio na mguu, na mama akaendelea kugonga ukuta.

Kisha korosho zikaanza kudondoka. Asubuhi moja nilikuwa nafagia barabarani, katikati ya milango miwili, mama akatoka na kapu lake na fimbo. Mume wangu alikohoa mara tatu, naye akatoka. Mama akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Mume wangu akatazama paa. Nikaacha ufagio, tayari kubeba neno kama kuna neno. Lakini mama alisema kwa sauti yake mwenyewe, akiuambia ukuta, bila kunipitia.

“Baba, kidonda kinashukuru.”

Mume wangu alivua kofia. Macho yake hayakutoka kwenye makuti.

“Kiende salama,” akasema. “Na kisikalie magunia.”

Katika miaka yote waliyoishi wakitazamana milango, hayo ndiyo maneno yao ya ana kwa ana, hayakuongezeka. Mama aligeuka, akashika njia ya shambani. Mimi nilisimama namtazama akipita nyumba ya mwisho, akipita kisima. Mume wangu bado alikuwa ameinua uso juu, kofia mkononi.

“Anachechemea?” akaniuliza kwa sauti ndogo, maana yeye haruhusiwi kutazama.

Nikamwambia hachechemei hata kidogo, na safari hii nilikuwa namwambia kweli.